Kabla Hujagusa Ukuta wa Pangani

Mwaka 1996 nilimpigia shangazi yangu lipu ya saruji nyumba nzima. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanga, nilikokaa miaka minne kwenye ujenzi wa maghala. Najua pimamaji, najua timazi, na najijua kuwa mimi ni fundi. Shangazi akauza nazi za mavuno mawili, tukanunua mifuko, na kwa wiki tatu nikabandua ile chokaa ya zamani iliyokuwa inapukutika kama unga wa muhogo, nikaweka saruji laini kama ganda la yai. Majirani walikuja kuangalia. Shangazi alichinja kuku.

Masika ya tatu ukuta ukaanza kutoa jasho. Masika ya nne lipu ikavimba kama tumbo la chura, ukiigonga inaitika tupu. Akamtuma mtoto aniite. "Baba, njoo uone," akasema nilipofika, hata hodi yangu hakuijibu. "Ukuta wako unalia." Nikachomeka tindo, kipande kikubwa kama sinia kikadondoka, na nyuma yake jiwe lililokuwa gumu tangu kabla ya kuzaliwa kwa bibi yangu lilikuwa mchanga uliolowa. Nililichota kwa kijiko.

Tangu siku hiyo najifunza upya kazi ambayo babu yangu aliijua bila kwenda shule. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote anayeishi kwenye mji mdogo wenye nyumba za mawe, akataka kuujua mji wake na kuutunza kwa uwezo alio nao. Natumia Pangani, mji wa pwani ya Tanzania kusini ya Tanga, kwa sababu ndiko niliko. Ukiwa Kilwa Kivinje, Mikindani au Siyu, badilisha majina tu. Chumvi na mvua ni zile zile.

Anza kwa kuvuka mto

Ukishuka kwenye basi la kutoka Tanga unauona mji kisogoni. Pangani ilijengwa ikiutazama mto. Kwa hiyo siku ya kwanza usianze na barabara. Panda pantoni asubuhi, vuka hadi Bweni, panda kidogo kile kilima, kisha geuka. Utaona safu ya mapaa, boma (jengo la zamani la utawala), minazi, na kule mdomoni mwa mto utaona mawimbi yakipasuka juu ya fungu la mchanga. Kaa hapo nusu saa. Jiulize swali moja tu: kwa nini mji uko hapa na haupo pengine?

Jibu ni mto wenyewe. Bonde lake lilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu kutoka pande za Kilimanjaro na Umasaini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika pwani hii mwaka 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu, walipita hapa kwanza. Kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Na jibu la pili, kwa nini mji ulibaki mdogo, nalo liko mbele yako: lile fungu la mchanga haliruhusu meli kubwa kuingia. Wajerumani walipoanza reli mwaka 1893 waliianzia Tanga, na ilipofika Moshi mwaka 1911 biashara yote ya bara ilikuwa imeshahama. Sisi tukabaki na nyumba. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuzibomoa ajenge mpya, na nadhani ukweli huo hausemwi vya kutosha: umaskini ndio uliotutunzia mji.

Ukiwa bado ng'ambo, uliza njia ya Kikogwe. Hakuna jengo la kupigia picha la maana, lakini hapo ndipo mkonge wa Tanzania ulipoanzia. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyobaki hai mpaka kupandwa ardhini mwaka 1893 ilikuwa 62. Mkonge mwingi uliowahi kulimwa hapa nchini ni uzao wa ile 62. Mahali pa kihistoria si lazima pawe na ukuta.

Kabla hujarudi mjini, weka mfukoni tarehe chache. Usibebe nyingi. Mimi natembea na tatu. Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilipotaka kushika mji kwa mkataba iliotiliana na Sultani wa Zanzibar, na mwakilishi wa kampuni hapa alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Mji ukachachamaa, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita vya pwani. Julai 1889, Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipourudisha mji kwa bunduki. Na tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri aliponyongwa hapa hapa Pangani. Ukiwa na hizo tatu, mzee akikuambia "hii ilikuwa kabla ya vita vya Bushiri" unajua anakupeleka wapi.

Baraza kwanza, kamera baadaye

Nyumba zetu zina baraza kwa sababu maalumu: mgeni akae nje mpaka ijulikane anataka nini. Liheshimu hilo. Nenda baada ya sala ya alasiri, amkia kila mtu, kaa, kunywa kahawa. Simu ibaki mfukoni siku ya kwanza. Nakuhakikishia utarudi nyumbani unaona umepoteza muda, na utakuwa hujapoteza hata dakika.

Maswali yana adabu yake. Nilimpeleka kijana mmoja wa chuo kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu anayejua kila kisima cha mji huu. Kijana akafungua daftari, swali la kwanza: "Babu, wazee wako walikuwa watumwa au mabwana?" Mzee akamaliza kahawa yake taratibu, akageuza kikombe, akasema, "Mwanangu, magharibi inakaribia." Akainuka. Ilikuwa saa kumi alasiri.

Katika mji huu wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wanaswali safu moja, wanaoana, wanazikana. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, bibi za watu walikuwa hai. Mambo hayo watu watakusimulia, lakini kwa wakati wao na kwa mlango wao wenyewe. Wewe uliza vitu. Mlango huu umetoka wapi? Kisima hiki alikichimba nani? Kabla yenu hapa walikaa akina nani? Kwa nini dirisha hili limezibwa? Swali la dirisha limewahi kunipa historia ya ukoo mzima, talaka mbili zikiwemo.

Usiulize "nyumba hii ni ya mwaka gani?" Hakuna anayejua, na kwa adabu mtu atakutajia mwaka wowote. Uliza ilikuwepo wakati wa Uhuru? Ulikuwa umeshaolewa ulipohamia? Paa la makuti lilibadilishwa kuwa bati kabla ya Azimio la Arusha au baada yake? Tukio moja la kweli lina thamani kuliko mwaka wa kubuni.

Na kuhusu hadithi ya boma. Utaambiwa, na utaambiwa na zaidi ya mmoja, kwamba watumwa walizikwa hai kwenye nguzo zake ili jengo liwe imara. Nimeisikia kwa namna tatu tofauti. Mimi ni fundi, sijafukua msingi wa boma na sina nia ya kufukua. Ninachofanya ni kuandika kama nilivyosikia, kwa maneno ya aliyesema, na siku aliyosema. Anza sentensi na "inasimuliwa". Ukiandika "ilikuwa", umeigeuza hadithi kuwa ushahidi. Ukiacha kuandika kabisa, umemnyang'anya mzee alichokuwa nacho.

Daftari la hesabu

Nunua daftari la shule lenye miraba, lile la hesabu. Mraba mmoja uwe nusu mita. Nyumba moja ipate kurasa mbili. Vifaa vingine ni futikamba, penseli, tochi na rula. Wino unayeyuka ukilowa, penseli haiyeyuki, ndiyo maana.

Ukurasa wa kwanza chora ramani ya nyumba kwa kwenda nayo chumba kwa chumba, baada ya ruhusa na mwenye nyumba akiwa nawe. Pima urefu, upana, unene wa ukuta. Ukikuta chumba kirefu sana lakini upana haufiki mita tatu, ndivyo kilivyo: upana wa chumba umefuata urefu wa boriti ya mkoko. Fundi wa zamani hakuwa na chuma cha kumvusha zaidi ya hapo. Nyumba yenye chumba kipana kuliko hicho ama ina nguzo katikati, ama imeingizwa chuma wakati wa Wajerumani au baadaye. Kwa futikamba peke yake umeshaanza kujua umri.

Ukurasa wa pili andika magonjwa. Paa linavuja wapi, mlizamu umetoboka wapi, unyevu umepanda ukutani mpaka kimo gani. Nyufa zina utaratibu wake ambao hauhitaji fedha. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia juu na chini, pima upana wake sehemu moja, andika tarehe pembeni kwa herufi ndogo. Rudi baada ya masika. Ufa uliobaki palepale ni kovu, uache mpaka utakapopata nafasi. Ufa uliopita alama yako ni kidonda kibichi, na hapo acha mambo ya daftari, watoe watu chini ya ukuta huo kwanza.

Picha: pande nne za nje, kila mlango, kila kidaka cha ukutani, na rula iwe ndani ya picha. Picha za zamani za familia zipigie picha pale pale karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na usikubali kuazimwa hata ukilazimishwa. Nimeshuhudia picha ya harusi iliyoazimwa mwaka 2009 "kwa siku mbili". Familia bado inaisubiri. Ukimaliza toa nakala tatu, moja ya mwenye nyumba, moja ya shule ya jirani, moja ubaki nayo. Nakala ya mwenye nyumba ndiyo ya kwanza kutoka, siyo ya mwisho.

Ukuta

Sasa kazi yenyewe.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama mkate wa mofa, linakunywa maji ya ardhini, na maji ya hapa kwetu yana chumvi. Ukuta ukivikwa chokaa, yale maji yanapanda, yanatoka nje kidogo kidogo kama mvuke, na chumvi inaganda juu juu kwenye chokaa. Chokaa inapukutika. Unafagia, unapaka nyingine. Babu yangu alisema chokaa ni nguo, inachakaa ili mwili usichakae. Sisi vijana wa saruji tuliona inapukutika tukadhani ni ubovu.

Saruji inafunga. Maji yanapanda kama kawaida lakini hayana pa kutokea, yanakaa nyuma ya lipu, na chumvi inakua ndani ya vitundu vya jiwe mpaka inalipasua. Kwa nje unaona uzuri, kwa ndani ukuta unakuwa uji. Ndicho nilichomfanyia shangazi.

Kwa hiyo, kabla hujashika mwiko, tafuta maji yanakotoka. Naomba niseme hivi bila kuremba: kazi tisa katika kumi za kuokoa nyumba ya mawe zinaishia kwenye paa, mlizamu na mtaro. Bati lililotoboka juu ya ukuta linaua haraka kuliko miaka hamsini ya chumvi. Nyumba ambayo udongo wa nje umepanda juu ya sakafu ya ndani, chimba uushushe, toa mteremko uelekee mbali na ukuta. Beseni la kufulia lisimwagwe kwenye kona ile ile kila siku. Haya yote utayafanya kwa jembe na chepe. Mwaka mzima wa kwanza ukiishia hapo, umefanya kazi kubwa.

Miti inayoota ukutani, hasa ile ya jamii ya mkuyu, usiing'oe. Mizizi imeshikana na mawe, ukivuta mti unavuta na nyumba. Kata shina kwa msumeno, rudi kila mwezi ukate machipukizi, mpaka uchoke wewe au uchoke mti. Ukishakufa wenyewe mizizi inalegea, ndipo unaitoa na kujaza chokaa na vijiwe.

Kubandua saruji ya zamani kunataka subira. Gonga kwa kifundo cha kidole ukuta mzima, weka alama ya chaki palipo tupu. Anza hapo, tindo imelala karibu sawa na ukuta, nyundo ndogo, toka juu kwenda chini. Mahali saruji imeng'ang'ania jiwe sawasawa, iache. Ukiilazimisha itatoka na uso wa jiwe. Ukishabandua, usipake chochote. Acha ukuta uchi upumue, kiangazi cha kaskazi kizima ikiwezekana. Kila wiki fagia chumvi inayochanua kwa ufagio mkavu, ikusanye, kaitupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Chokaa zamani ilichomwa hapa hapa. Magogo yalipangwa duara, mawe ya matumbawe juu, moto ukawashwa usiku upepo wa nchi ukivuma. Joto likikaribia nyuzi 900 jiwe linapoteza hewa yake, linabaki chokaa hai. Mimi sichomi, na wewe usichome. Matumbawe na mikoko ni mali inayolindwa, na magogo ya tanuri moja yangejenga banda. Nanunua chokaa ya mifuko kutoka Tanga. Angalia tu usiuziwe chokaa ya mifugo, ile ni jiwe lililosagwa, halijachomwa, halitaganda hata ulisubiri mpaka kiama.

Ukipata chokaa hai ya mabonge, hii sehemu isome mara mbili. Maji yatangulie kwenye pipa, chokaa ifuate kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa inalipuka na kuchemka, na tone moja jichoni linaweza kukupofua. Vaa miwani, vaa glavu, watoto wawe mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu ya kuoshea macho. Ikishatulia inakuwa urojo mzito. Uhifadhi shimoni au pipani, maji yafunike juu, na uusahau miezi mitatu au zaidi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa laini. Hata ile ya mifuko mimi huiloweka.

Mchanga usiwe wa ufukweni, wala wa mtoni karibu na mji, kwa sababu maji ya bahari yanapanda na mto. Tafuta wa mbali bara, uchekeche. Kipimo changu ni karai moja ya urojo kwa karai tatu za mchanga, na ngumi chache za nyuzi za mkonge zilizokatwa urefu wa kidole ili lipu isipasuke. Fundi mwenzangu anaweka zaidi, tumeshabishana sana, zote zimeshika. Maji usiongeze, piga tu. Mchanganyiko wa chokaa unalainika kwa kupondwa, na vijana wataanza kulalamika kwamba ni mkavu. Waambie wapige tena.

Kazi ya kupaka ifanye baada ya masika, kuanzia mwezi wa sita, kusi ikivuma na jua halichomi. Lowesha ukuta jioni, uloweshe tena asubuhi. Jaza mashimo makubwa kwa vijiwe vilivyoanguka kutoka nyumba hiyo hiyo. Kisha tabaka la kwanza, unene wa sentimita moja tu, na ulikwaruze kabla halijakauka ili la pili lishike. Subiri wiki nzima. Chokaa haikauki kwa jua kama tope, inaganda kwa kuvuta hewa ya kaboni dioksidi na kurudi kuwa jiwe, na hiyo ni kazi ya polepole. Ikikaushwa haraka inakuwa vumbi. Kwa hiyo tundika magunia ya mkonge yaliyolowa mbele ya ukuta, yanyunyizie asubuhi na jioni. Baada ya tabaka la mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mara nyembamba. Mara ya kwanza utaona haionekani, utadhani umepaka maji. Kesho yake ukuta umeng'aa.

Boriti zilizooza ni habari nyingine. Usikate mikoko bila kibali cha watu wa misitu. Mimi nikikuta boriti imeoza ncha tu, nakata pale penye uzima, naegemeza juu ya ubao mgumu uliochomekwa ukutani, boriti inabaki. Kwa kazi kubwa zaidi ya hiyo mwite mtu anayejua kuliko mimi.

Milango

Mlango wa nakshi ndio unaotamaniwa na wageni. Wanakuja na gari, wanasifu sana, wanarudi wiki ijayo na fedha. Jirani yetu aliuza wake na mfaa wake, ile nguzo ya katikati yenye nakshi, akaweka mbao nyepesi zilizopindika masika ya kwanza. Simlaumu, alikuwa na mgonjwa. Lakini watu wengi wanauza bila kujua sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Mtu akikuambia "nitasafirisha mwenyewe, wewe usijali", jali.

Kuutunza si kazi. Vumbi litoe kwa brashi laini. Usipake rangi ya mafuta, inajaza nakshi mpaka ua linakuwa uvimbe. Usipige msumari wa kalenda. Kila mwezi inama uangalie kizingiti cha chini na ncha za miimo, hapo ndipo mchwa wanapoanzia, na hapo ndipo maji ya kudekia yanapotuama. Ukiona vijia vya udongo, usisubiri kesho.

Vya chini viache chini

Siku moja katika mpango wako ifanye ya Tongoni, njiani kwenda Tanga. Tongo ni mahali palipohamwa, na jina limekaa kwenye maana yake: msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo mengi kuliko utakayoyaona pengi pwani hii. Vasco da Gama alipita maji haya, na mwaka 1499, akirudi kutoka India, aliichoma moja ya meli zake karibu na hapa kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Angalia kwenye nguzo na kuta za makaburi, utaona vishimo vya duara. Humo mlikuwa na mabakuli ya kaure kutoka ng'ambo. Yameng'olewa moja moja na watu waliotaka kumbukumbu.

Kwa hiyo ukiokota kigae au ushanga baada ya mvua, piga picha, andika umeukuta wapi, uache pale pale. Kigae kilicho mfukoni mwako hakina la kusema tena. Usipande juu ya kaburi ili upate picha nzuri, na msikiti ulio magofu bado ni msikiti, vua viatu. Ukiona mtu anachimba, taarifa ni kwa mtendaji na kwa afisa utamaduni wa wilaya, naye atawasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Nenda kwa hao hata kabla hujaanza daftari lako. Andika barua ya ukurasa mmoja, eleza unataka kufanya nini, omba nakala igongwe muhuri. Ile karatasi imenitoa kwenye maswali ya mgambo mara mbili.

Nyumba ya shangazi sijaimaliza. Kila mwaka nabandua ukuta mmoja wa saruji yangu mwenyewe, bure, yeye akiwa kwenye kiti chake cha kamba akinielekeza kwa fimbo mahali nilipoparuka. Umebaki ule wa upande wa jikoni. Chokaa yake iko shimoni nyuma ya mnazi, imefunikwa makuti tangu mwezi wa tatu, na kila nikipita shangazi ananiuliza kama imeiva, kama mtu anayeulizia wali.